Misalaba Kumi na Mitatu

Skrubu zilikuwa sita, na zote zilisimama wima.

Inspekta Pantaleo alichuchumaa mbele ya kabati la sakristia, chumba cha vyombo vya Misa, akawasha tochi ingawa ilikuwa saa nne asubuhi na jua lilikuwa limeingia mpaka miguuni pake. Bawaba ya juu ilikuwa na skrubu tatu, ya chini tatu. Mfereji wa kila kichwa cha skrubu ulielekea juu na chini, kama askari waliopangwa gwaride. Alipitisha ukucha kwenye skrubu ya kwanza. Ukucha ukatoka na kitu cheupe, laini. Akakinusa.

"Nta," alisema.

"Ya nyuki?" Koplo Kabula alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake.

"Ya mshumaa. Mtu amezifungua skrubu hizi siku si nyingi, akautoa mlango upande wa bawaba, akachukua alichokitaka, kisha akazirudisha. Kabla ya kuzirudisha akazipaka nta, ziingie kwa urahisi kwenye mninga. Kufuli hakuligusa."

"Mwizi anarudisha skrubu, afande?"

"Andika tu."

Kabula akaandika. Alikuwa Msukuma wa Magu, na tangu Jumatano wenzake kituoni walikuwa wakimwita dada wa mwizi. Aliwacheka wote, lakini aliandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Padri Kasiani, paroko wa misheni ya Lihanga, alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono magotini. Alikuwa mgeni pale, hajamaliza hata mwaka, na mwaka wenyewe ulikuwa huu wa 1998, ambao mvua za El Nino ziliufanya mto Kilombero uje mpaka kwenye ngazi za kanisa lake.

"Kwa hiyo si ufunguo," alisema.

"Ufunguo ulikuwa wapi Jumanne?"

"Mfukoni mwangu. Nilikwenda Idete kusalisha, nikalala huko. Siku nyingine unaning'inia jikoni, kwenye msumari. Jumatano asubuhi nimerudi, nimefungua kabati nimtolee msanifu majengo daftari la ujenzi, daftari halipo. Kikombe cha Misa nacho, ile kalisi ya fedha, hakipo. Tukafunga lango, tukakagua kila mtu. Kalisi ikaonekana ndani ya keni ya Ngusa, yule mfugaji wa Kisukuma anayetuletea maziwa. Watu wakasema aliwahi kuuchukua ufunguo jikoni, akauchongesha."

"Nani alisema kwanza?"

Padri alifikiri. "Sikumbuki. Lilisemwa tu."

"Nimetoka kwa Mbaruku, fundi wa funguo pale sokoni," Kabula alisema. "Nimemwonyesha huo ufunguo. Amecheka. Anasema hana hata chuma cha kuanzia kuchonga mwingine. Anasema mtu akitaka kulifungua kabati la namna hiyo, njia rahisi ni aoe mpishi wa padri."

Padri alitabasamu bila kutaka. Pantaleo hakutabasamu.

"Kalisi ilipotoka kwenye keni ilikuwa imefungwa kitambaa," alisema. "Kilikunjwaje?"

Kabula alirudisha kurasa nyuma. "Mara tatu, kwa urefu. Kimepigwa pasi."

"Hivyo ndivyo kinavyokunjwa kitambaa cha kufutia kalisi," Padri alisema taratibu. "Mara tatu."

"Ngusa anajua hivyo?"

"Ngusa hajabatizwa. Hajawahi kuingia kanisani, ila wakati wa mafuriko."

Pantaleo alisimama, magoti yakalia. Mkuu wake alikuwa amempa muda mpaka jua kuzama. Kesho alfajiri Ngusa angepandishwa basi la Morogoro akawekwe rumande, na Jumamosi kungekuwa na mkutano wa kijiji wenye ajenda moja: Wasukuma waondoe ng'ombe wao kwenye ardhi ya Lihanga, wao na watoto wao. Kalisi iliyopatikana ilikuwa imetosha kuwaridhisha watu wote. Daftari lisilopatikana halikumkosesha usingizi mtu yeyote, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa amelala chali katikati ya kanisa.

"Shikamoo, afande," alisema bila kuinuka. "Samahani. Tao halitazamwi ukiwa umesimama."

"Marahaba. Endelea kulala."

Nelly alikuwa msanifu majengo kutoka Dar es Salaam, msichana mwembamba mwenye penseli tatu nyweleni. Alitumwa apime ufa ulioachwa na mafuriko, na kusema kama kanisa litengenezwe au libomolewe. Kwa siku tatu alikuwa amelipenda jengo lile kama mtu anavyompenda mgonjwa wake.

"Unajua kwa nini mnaliita kanisa kuu, wakati hakuna askofu?" aliuliza.

"Nimezaliwa linaitwa hivyo."

"Bruda Anselmi, yule mtawa Mswisi, alianza kulijenga mwaka 1953 akitumaini askofu atashuka milimani aje akae bondeni. Askofu hakushuka. Lakini Bruda hakupunguza hata tofali moja." Alinyoosha penseli juu. "Udongo wa vichuguu, umechomwa kwa pumba za mpunga. Kila kijiji kilileta matofali yake. Yale yenye dole gumba ni ya Idete. Yenye mistari miwili ni ya Kisawasawa. Na ona alivyoligeuza. Altare ingeelekea mashariki kama makanisa mengine. Yeye akasema hapana, ukuta mrefu utazame milima ya Udzungwa, ili upepo wa jioni ukishuka uingie kwa ubavu. Mapadre wenzake walimnunia miaka miwili."

Pantaleo alitazama ukuta wa magharibi. Juu, chini kidogo ya paa, ulipita mstari wa matundu ya hewa. Kwa ndani kila tundu lilikuwa pana kama kabati dogo. Kwa nje lilizibwa na vigae vilivyoachwa wazi kwa umbo la msalaba. Havikuwa na kioo. Popo waliingia, mvua kidogo iliingia, na joto lilitoka. Mtu aliyesali pale mwezi wa Novemba kisha akasali kwenye kanisa la mabati alijua tofauti.

"Na msingi aliuinua mita moja na nusu," Nelly alisema. "Watu walimcheka."

"Waliliita kanisa la ngazi. Mwezi wa kwanza mwaka huu wale waliocheka walilala humu wiki tatu, na mbuzi wao kibarazani."

Nelly aliketi. "Sasa tatizo langu. Ufa umepita kwenye nguzo ya tao la saba. Sijui msingi umekwenda chini kiasi gani, na nikichimba ovyo naweza kuiangusha nguzo. Daftari la Bruda lina vipimo vyote. Bila daftari nitaandika kwamba sijui. Na nikiandika sijui, wenye kuamua watasema bomoa." Alielekeza penseli kwenye tao. "Halafu tao lenyewe la saba lilijengwa mara mbili. Chokaa yake ni nyeupe kuliko ya mengine. Ilikuwaje?"

"Lilianguka mwaka 1958. Baba yangu alikuwa juu yake, na watu wawili wa Idete."

"Pole sana, afande."

"Nilikuwa na miaka miwili. Alipanda jukwaani amelewa ulanzi, akayumba, akaangusha mbao zilizolibeba tao. Aliwaua wale wawili."

"Nani alisema?"

"Linajulikana."

Nelly alilitazama tao kwa muda mrefu. "Lina upana wa mita tano," alisema. "Mbao za kulibeba tao kama hili zinaweza kubeba trekta. Mtu akiyumba juu yake, anaanguka yeye. Mbao hazianguki."

Pantaleo alifunga daftari lake, akatoka kwa mlango wa pembeni.

*

Karakana ya misheni ilikuwa nyuma ya mnara wa kengele. Mzee Wendelin, msakristia, alikuwa amepindua benchi lililovimba kwa maji, akibadilisha mguu wake. Miaka sitini na minane, mgongo umenyooka kama kamba ya timazi. Alipomwona Pantaleo alifuta mikono kwenye aproni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula."

"Hujala. Chukua muhogo hapo kwenye sahani. Wendelin mdogo hajambo? Mwambie aje Jumapili, zamu yake ya kutumikia."

Wendelin mdogo alikuwa mtoto wa kwanza wa Pantaleo. Kwa desturi angepewa jina la babu yake, Edward. Lakini Pantaleo hakutaka kumvika mwanawe jina la mlevi aliyeua watu wawili, akampa la baba yake wa ubatizo, mtu aliyemchukua yatima kutoka msibani, akamfundisha kusoma, kuranda mbao na kujibu Misa. Alipofika miaka kumi na miwili mzee huyu alimpeleka mbele ya altare akaapa hatagusa pombe. Mpaka leo hakuwa ameigusa. Kwenye harusi alikunywa chai.

"Baba, ulimwona Ngusa Jumanne?"

"Nilimwona anatoka jikoni. Anatazama huku na huku."

"Anatazama nini?"

"Kama mtu mwenye jambo. Sikupenda kusema, ni jirani. Lakini watu wa ng'ombe, mwanangu, unawajua. Macho yao yako mbali siku zote."

Alichukua skrubu, akaizungusha kwenye kipande cha mshumaa kilichokaa pembeni ya meza, akaikaza kwenye mguu wa benchi. Ilipofika mwisho akairudisha nyuma kidogo, kidogo sana, mpaka mfereji ukasimama wima.

Pantaleo alitazama ule mkono. Alipokuwa na miaka tisa alipigwa kofi katika karakana hii hii, kwa sababu ya skrubu iliyolala. Vumbi hukaa kwenye mfereji uliolala, maji hukaa kwenye vumbi, kutu hukaa kwenye maji. Bruda Anselmi alimpiga Wendelin kofi hilo, na Wendelin akampiga Pantaleo.

"Waliofundishwa na Bruda wamebaki wangapi?" aliuliza.

"Nimebaki mimi." Mzee alicheka. "Na wewe, kwa kupitia kwangu. Ukifukuzwa polisi, benchi zipo."

"Hilo daftari lake uliwahi kulisoma?"

"La nini? Kijerumani kile ningekielewa wapi?" Alilipindua benchi likasimama, akalitikisa kwa viganja viwili. Halikucheza. "Tazama. Kula muhogo, mwanangu."

Pantaleo alichukua kipande cha muhogo. Alikitafuna njia nzima mpaka kituoni, dakika ishirini kando ya majaruba ya mpunga yaliyovunwa, na alipofika kilikuwa bado mdomoni.

*

Ngusa aliinuka alipowaona. Alikuwa mrefu, na chumba cha mahabusu kilikuwa kifupi.

"Mwadila," Kabula alimwamkia kwa Kisukuma, kisha akarudi kwenye Kiswahili kwa ajili ya faili. "Afande ana maswali."

"Ng'ombe wangu wanakamuliwa na nani?"

"Mkeo," Kabula alisema. "Nimepita kwako. Yule ndama mweupe amekula kanga yake."

Ngusa alicheka kidogo, kisha akaketi tena.

"Jumanne keni yako iliachwa wapi?" Pantaleo aliuliza.

"Kibarazani mwa jikoni, kama siku zote. Naleta iliyojaa, nachukua tupu ya jana."

"Nani anaiosha hiyo tupu?"

"Mpishi. Halafu Mzee Wendelin anaifunika. Anasema popo wataingia."

"Kila siku?"

"Kila siku." Uso wake ulichangamka. "Afande, muulize yule mzee. Wakati wa mafuriko watu walikataa ng'ombe wangu wasipande kilima cha kanisa. Walikuwa na fimbo. Yeye akatoka akasimama mbele yao, akasema hata ng'ombe ni wa Mungu, waacheni wapite. Tangu siku hiyo namwita baba. Kila asubuhi nampelekea kikombe chake kabla ya padri. Akija hapa atawaambia mimi ni mtu gani."

"Atakuja," Pantaleo alisema.

Kabula alimtazama. Pantaleo alikuwa amekwisha kugeuka.

*

Saa kumi na nusu jua lilikuwa limeinamia Udzungwa. Kanisa lilikuwa tupu. Nelly alikuwa nje na kamba yake ya kupimia. Pantaleo aliketi benchi la tatu upande wa mashariki, mahali alipoketi utoto wake wote.

"Tunatafuta nini?" Kabula aliuliza kwa sauti ya chini.

"Daftari. Mwizi hakutaka fedha, kalisi ameitupa makusudi kwenye keni. Alitaka daftari, na aliogopa litasomwa. Padri alitangaza Jumapili kwamba msanifu majengo anakuja kulisoma. Jumanne likaondoka."

"Litakuwa limechomwa moto, afande."

"Ni mtu asiyeweza kuacha skrubu imelala. Hawezi kulichoma."

"Kwa hiyo unamjua."

Pantaleo aliinua macho kwenye ukuta wa magharibi. Mwanga ulikuwa umeanza kuingia. Ulipita kwenye matundu ya magharibi, ukatua juu ya benchi na sakafu, na kila tundu likachora msalaba wake, mrefu, wa rangi ya ugali wa mtama. Watoto wa Lihanga waliijua misalaba hii kuliko katekisimu. Ilikuwa kumi na minne, mmoja kwa kila kituo cha Njia ya Msalaba, na mahubiri yakirefuka mtoto aliihesabu mpaka mwisho kisha akaanza tena.

Pantaleo aliihesabu kutoka mlangoni. Akaihesabu tena kutoka altareni.

"Kumi na mitatu," alisema.

Kati ya wa nane na wa kumi palikuwa na giza.

Ngazi ndefu ilikuwa nyuma ya kiti cha maungamo. Msakristia aliitumia kutoa viota vya popo, kwa hiyo hakuna mtu angeuliza kwa nini amepanda ukutani. Kabula aliishika kwa mikono miwili.

"Ukianguka niandike nini, afande?"

"Andika sikuwa nimelewa."

Alipanda. Ndani ya tundu la tisa kulikuwa na kifurushi kilichofungwa nailoni ya mfuko wa mbolea, kamba imepigwa fundo la waashi. Alishuka nacho kifuani. Mfereji wa mwanga ukafunguka juu ya kichwa chake, na msalaba wa tisa ukaanguka mahali pake sakafuni.

Nelly aliitwa. Alilifungua daftari juu ya benchi kama mtu anayefungua bandeji. Michoro ilikuwa ya wino mweusi, safi. Na maneno pembeni yake, kurasa zote mia mbili, yaliandikwa kwa Kiswahili, ili mafundi wasome.

"Nguzo ya saba," Nelly alisoma. "Msingi mita mbili na sentimita arobaini, juu ya mwamba." Akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akasema polepole, "Halibomolewi. Afande, msingi ukiwa juu ya mwamba, halibomolewi."

Pantaleo alikuwa akitafuta mwaka. Aliupata, akapeleka kidole chini ya mistari.

*Agosti 14, 1958. Nimerudi kutoka Dar es Salaam. Tao la saba limeanguka jana. Wamekufa watatu, Edward na wawili wa Idete. Nimeishika chokaa, ni mbichi. Tao hili lilitaka siku ishirini na nane juu ya mbao. Mbao zimetolewa siku ya kumi na moja. Wendelin amekiri kwangu kwamba aliamuru yeye, ili sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria ikute kazi imekwisha. Edward alikataa mara mbili. Wendelin alipoamuru vijana wapande kuzitoa, Edward akasema vijana wasipande, akapanda mwenyewe na wale watu wazima wawili. Edward hakunywa kitu. Watu wanasema alikuwa amelewa. Ninajua nani ameanza kusema. Nimenyamaza, kwa kuwa bila Wendelin kanisa halitakwisha. Mungu anisamehe. Nimemwambia amlee mtoto.*

Aliusoma mstari wa mwisho mara mbili. Kisha akamkabidhi Kabula daftari, kidole chake kikiwa bado kwenye ukurasa.

"Nakili hiyo yote," alisema. "Neno kwa neno. Tarehe pia."

*

Mzee Wendelin aliingia saa kumi na mbili kasorobo kupiga kengele ya Malaika wa Bwana. Alichovya vidole kwenye maji ya baraka, akapiga goti, akainuka. Ndipo alipoiona ngazi.

Hakukimbia. Alitazama tundu la tisa, akamtazama Pantaleo aliyesimama peke yake chini ya tao la saba.

"Uliniambia ni Kijerumani," Pantaleo alisema.

Mzee alisogea mpaka kwenye benchi alilolirudisha kanisani mchana.

"Baba, ulishindwa kulichoma?"

"Lina kanisa lote ndani yake. Kila tofali." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeeleza kazi. "Nililipeleka jikoni kwenye moto. Nikarudi nalo."

"Na Ngusa?"

"Mtu wa ng'ombe huhama. Leo yuko Lihanga, kesho yuko Uchindile, keshokutwa wapi sijui. Nilidhani watamfukuza tu. Sikujua mambo ya Morogoro." Alishika ncha ya benchi. "Mimi nihamie wapi, mwanangu? Watu wa Idete wangenitazama vipi? Wewe ungenitazama vipi?"

"Miaka arobaini sijawahi kupeleka ua kwenye kaburi la baba yangu. Sikukuu ya Marehemu nilikuwa nikipita kando."

"Najua."

"Ulikuwa unaniona napita."

"Nilikuwa nakuona."

Nje, upepo wa mlimani ulianza kushuka, ukaingia kwa ubavu wa kanisa kama Bruda alivyotaka. Mishumaa ikayumba.

"Nilikulea," Mzee Wendelin alisema.

"Uliambiwa."

Neno hilo lilimfanya mzee akae. Alikaa kwenye benchi alilolitengeneza asubuhi, nalo halikucheza.

"Mwaka wa kwanza," alisema, "niliambiwa." Akafungua mikono, akaitazama, kama miaka iliyobaki ilikuwa imeandikwa humo. Hakuisoma.

Pantaleo alingoja. Alikuwa ameshawahi kungoja wauaji na wezi wa trekta mpaka wakasema kila kitu. Safari hii ndiye aliyeshindwa kungoja.

"Utaandika maelezo kwa mkono wako. Ya kabati, ya keni, na ya 1958. Yote."

"Niruhusu nipige kengele kwanza. Watu wanaingoja."

Pantaleo akasogea kumpisha. Kengele ililia mara tatu, ikatulia, mara tatu, ikatulia, mara tatu, kisha ikalia mfululizo, na kwenye majaruba watu waliokuwa wakikusanya pumba walisimama, wakavua kofia.

Walikwenda kituoni kwa miguu, bila pingu. Njiani watu walimwamkia Mzee Wendelin, naye aliwaitikia wote. Kabula alitembea nyuma yao na daftari kifuani.

Taa ya kituoni ilikuwa tayari imewashwa. Ngusa alisikia hatua, akaja kwenye nondo. Alipoona ni nani aliyeingia na inspekta, alinyooka mpaka kichwa kikagusa dari.

"Shikamoo, baba," alisema. "Nilimwambia afande utakuja."

Mzee Wendelin alisimama katikati ya chumba. Midomo yake ilicheza, lakini marahaba haikutoka.

Ngusa alimtazama Pantaleo, akamtazama Kabula, akarudi kwa mzee. "Baba, mbona huniitikii?"

Pantaleo alichukua funguo ukutani. Alifungua mlango wa mahabusu, akamshika Ngusa mkono, akamtoa taratibu, akamweka kando ya Kabula. Kisha akarudi, akasimama pembeni ya mlango, akaushikilia wazi.